Taa ya Duka la Mikate

Maabara ya shule
4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na mguu haukusumbui sana siku hizi. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Binti yetu, ambaye hujawahi kumwona, anamwamkia baba yake mkubwa. Yuko kidato cha pili na ameshanipita kimo.

Najua umeutambua mwandiko, na mkono umeanza kutafuta pa kuitupa hii karatasi. Nisome kwanza. Ningepiga simu ungeikata nikiwa bado kwenye shikamoo, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ni miaka kumi na tisa tangu uanguke kwenye ngazi pale duka la mikate. Siku ya tatu nilikuja hospitali, ukageuza uso ukautazama ukuta. Niliondoka, na ufundi umeme nikauacha palepale kando ya kitanda chako. Sasa hivi mimi ni mtunza maabara katika shule ya sekondari. Naosha vioo, nafuta vumbi kwenye darubini, naandaa majaribio kabla wanafunzi hawajaingia. Ni kazi ya kimya, inanifaa.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wa biolojia aliniomba nijaribu dawa ya kupimia sukari kabla ya kipindi. Wanafunzi wamempachika jina la Madam Seli, kwa sababu hakuna mada asiyoianza na seli. Dawa yenyewe ni ya buluu. Ukiichemsha na maji ya tunda lenye sukari, inageuka kijani, halafu inaendelea kugeuka mpaka inakuwa nyekundu kama tofali. Nikachemsha, nikamwambia tunda hili sukari yake ni kidogo, dawa imeishia kwenye kijani. Akaja, akakitazama kile kioo, kisha akanitazama mimi. Akasema kwa upole kwamba ile ni nyekundu, tena nyekundu ya wazi kabisa.

Kesho yake alileta kitabu. Kila ukurasa una duara lililojaa nukta za rangi, na katikati ya nukta kuna namba. Wanafunzi walikuwa wakizitaja kwa kupokezana huku nikipanga vifaa nyuma yao. Mimi niliiona ya ukurasa wa kwanza tu. Kurasa zilizofuata zilikuwa nukta, basi. Nilidhani wananitania. Walipotoka, mwalimu alinikalisha kwenye stuli akaanza upya, ukurasa mmoja mmoja, bila haraka. Alipokifunga kitabu aliniuliza kama nilishawahi kufanya kazi ya kutegemea rangi.

Kaka, mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Sijawahi, tangu nizaliwe, na nilikuwa sijui. Siku ile sikutaka kukuua.

Mdogo wako


Maabara ya shule
9 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Habari za kazi, na habari za Mama? Mwaka jana nilipokuja kumwona, saa zile ambazo wewe upo kazini kama ilivyo kawaida yetu, alikuwa akiyalalamikia magoti. Sijapata jibu lako na sikulaumu. Ila nimekumbuka kwamba wewe hutulii mpaka ujue kitu kinafanyaje kazi, kwa hiyo nimeona nikueleze.

Mwalimu wetu wa fizikia alifunga mapazia ya maabara, akaacha upenyo mwembamba wa jua. Mwanga ukapita kwenye kipande cha kioo chenye pembe tatu, ukatawanyika ukutani kama upinde wa mvua. Mwanga mweupe ndivyo ulivyo, ni rangi nyingi zimesafiri pamoja, na kila rangi ina mawimbi ya urefu wake. Ya nyekundu ndiyo marefu kuliko yote tunayoyaona. Akanipa chaki nitie alama pale rangi zinapoanzia na zinapoishia. Nikatia. Wanafunzi wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza wenyewe, maana upande wa nyekundu nilikuwa nimeacha nje upana wa vidole viwili. Kwangu mimi pale palikuwa ukuta tu, tena wenye giza.

Madam Seli akaumalizia upande wake. Anasema nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, unaitwa retina, na umejaa seli ndogo sana. Zinazoshughulika na rangi ziko aina tatu, kila aina na mawimbi yake. Kwangu aina moja haifanyi kazi. Mashine ya jicho nzima ni salama, ila imepungukiwa na kifaa kimoja.

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Waya mwekundu tuliozoea kununua mimi niliuona kama kahawia iliyokolea, na wa kijani kama kahawia iliyopauka. Nikadhani hivyo ndivyo kila mtu anavyozijua. Siku ile, kama utakumbuka, tulikuwa tumefungua bunda jipya la kiwanda kingine. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kununua swichi. Nilizishika zile nyaya mbili dirishani kwa muda mrefu, sikuona tofauti. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumegombana kwa sababu nilitaka kufungua karakana yangu mwenyewe. Sikutaka urudi unikute nimesimama nasubiri kukuuliza rangi kama mtoto. Nikachagua tu.

Hilo kosa ni langu na ninalikubali. Lile jingine ulilolisema mbele za watu, kwamba nilikusudia, si langu.

Mdogo wako


Karakanani
28 Machi

Kwako,

Salamu zimefika. Mimi mzima, Mama mzima.

Barua zote mbili nimezisoma. Elimu nzuri. Ila mguu wangu haujasoma biolojia, unauma vilevile.

Nina maswali mawili. La kwanza, kama ni kitu cha kuzaliwa nacho, mbona mimi ninaona? Tumezaliwa wawili tu, baba mmoja, mama mmoja. La pili, mtu atafikaje miaka ishirini na mbili hajui kwamba haoni? Asiyeona hujigonga.

Usinibembeleze. Nijibu kwa hoja.

Fundi


Maabara ya shule
6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, hata ingekuwa ya mstari mmoja ningeshukuru. Shemeji yako ameisoma mara mbili akasema, huyu ni ndugu yako kweli, hata hasira mmepewa kipimo kimoja.

Najibu kama ulivyotaka.

La kwanza. Madam Seli alinichorea ubaoni, nami nimekuchorea hapa pembeni. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume. Ndani ya kila seli tuna nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu, na humo ndimo mnamoandikwa mtu atakavyokuwa. Mbili kati yake ndizo zinazoamua jinsia. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja, ambayo lazima aipate kwa mama, na Y moja ya baba. Maandishi ya kuonea nyekundu na kijani yako kwenye X. Mama ana X moja nzima na moja yenye kasoro. Ile nzima inamtosha, kwa hiyo yeye anaona kila rangi na hajui kwamba amebeba kitu. Kila anapopata mtoto anatoa moja tu kati ya hizo mbili, kwa bahati, kama kurusha sarafu. Wewe ulipata nzima. Mimi nilipata hii nyingine, na kwa kuwa mwanamume hana X ya akiba, basi.

La pili. Tangu utotoni niliambiwa damu ni nyekundu na majani ni kijani, nami nikaziita hivyo rangi nilizokuwa nikiziona. Nani angenigundua? Macho yako sikuwahi kuyaazima. Hujawahi kushangaa kwa nini Mama akinituma nyanya nilikuwa nazibonyeza zote mpaka muuzaji ananifukuza? Ulisema nina mikono michafu. Nilikuwa natafuta zilizoiva.

Usiniamini mimi, wala mwalimu. Kama X hiyo Mama aliipata kwa baba yake, basi babu naye alikuwa kama mimi, maana kwa mwanamume haifichiki. Nenda kwa Mama umuulize. Tukiwa tumekosea utajua.

Mdogo wako


Karakanani
30 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji hajambo, na huyo binti anayesoma? Huku tunaendelea. Mvua zimeanza na kazi zimepungua, watu hawapendi fundi alowanishe nyumba.

Nilikwenda kwa Mama Jumapili. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamuuliza kwa mbali, babu alikuwa anaonaje rangi. Akacheka mpaka akaweka nguo chini. Anasema mlango wa nyumba yao ulikuwa wa kijani. Ukabanduka rangi chini, babu akaenda dukani akarudi na kopo, akapaka nusu ya chini nyekundu. Bibi akamwambia hazifanani. Babu akaapa zinafanana, na kwamba bibi anamtafutia ugomvi. Walinuniana wiki nzima. Mlango ukabaki hivyo mpaka babu anazikwa, na hata wageni walielekezwa kwa mlango huo.

 Nilikwenda pale nikitaka ukosee, nakuambia kweli.

Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nilikuwa na mchoro wako mfukoni, nikautoa nikamweleza. Mama alisikiliza vizuri kama mwanafunzi. Akauliza kasoro inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye duara lake akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyempa." Chakula cha mchana hakukigusa. Mimi nimejaribu kumtuliza lakini maneno unajua si fani yangu. Mwandikie wewe, nitamsomea.

Na nyingine. Siku zako za kuja kumwona Mama nilikuwa nazijua zote. Anapika tofauti. Nilikuwa nazunguka mjini na ngazi yangu begani mpaka nihakikishe umeondoka, nisije nikakukatiza.

Kaka yako


Maabara ya shule
8 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako, hasa mwisho wake, nimeisoma tena na tena. Nimeiweka kwenye kabati la maabara pamoja na lenzi, mahali pasipoingia vumbi.

Haya ni ya Mama, msomee polepole.

Mama, shikamoo. Nasikia hukula. Sasa nisikilize mimi mwanao. Ulipokuwa unanibeba hakuna aliyekuja kukuuliza utanipa X ipi. Mambo hayo yanapangwa ndani ya seli, na seli haina mlango wa kubishia hodi. Ulinipa kromosomu ishirini na tatu. Moja ina kasoro ndogo. Zile ishirini na mbili sijawahi kuzilalamikia, na humo ndimo ulimoniwekea mikono hii inayosifiwa shule nzima kwa kutovunja vioo. Rangi mbili si kitu. Sura yako naiona vizuri, na ndiyo ninayoitaka. Kula, Mama.

Sasa turudi kwetu, kaka. Mwalimu wa fizikia amevutiwa na habari yetu. Aliiunda ile taa mezani, kwa betri na kopo la chuma badala ya kifuniko, akawaonyesha wanafunzi nilichokifanya. Waya wa moto, ule mwekundu unaoleta umeme, nilikuwa nimeupeleka kwenye kifuniko cha chuma, na ule wa ardhi, wa kijani, ambao kazi yake ni kumlinda mtu, nilikuwa nimeupeleka kwenye balbu. Kwa hiyo taa isingewaka kamwe, na chuma chote kilikuwa na umeme kikisubiri mtu. Binti yangu alikuwa darasani. Alinitazama, nikamwambia aandike.

Mwalimu aliniuliza swali moja. Alisema, fundi mzoefu taa ikikataa kuwaka anazima meni, ile swichi kuu ya jengo, anapanda, anaweka testa kwanza apime kama umeme bado upo. Ilikuwaje yule akagusa? Nikamwambia bila shaka ulizima, na mtu mwingine akawasha bila kujua. Pale dukani watu walikuwa wengi. Ni hivyo?

Mpe Mama mkono wangu.

Mdogo wako


Maabara ya shule
2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mbona kimya? Mama amenitumia salamu kwa simu ya jirani yake, anasema anakula na wewe ni mzima. Basi kama ni mzima, nimekosea wapi? Kama utani wangu wa kromosomu ulivuka mpaka, niwie radhi. Au mguu?

Shule zimefungwa. Mimi nabaki kuhesabu vifaa.

Mdogo wako


Karakanani
16 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Hapa sote tuko sawa kwa afya. Kimya changu hakikuwa cha ugonjwa.

Ile barua yako ya Mei imekatika kwenye mikunjo kwa kukunjuliwa. Uliuliza swali dogo, tena ulinitafutia na jibu zuri. Ningeweza kulichukua. Miezi mitatu nimekuwa nikilichukua asubuhi na kulirudisha jioni.

Hakuna mtu aliyewasha. Sikuzima.

Nilirudi na swichi, nikabonyeza, taa haikuwaka. Mwenye duka alikuwa anataka mwanga, unga unakandwa. Ningezima meni, mashine ya kukandia ingesimama naye angelalamika. Wewe ulikuwa nje unakusanya vipande vya waya. Nikasema moyoni, taa moja inamshinda, na huyu ndiye anayetaka karakana yake. Nikapanda na hasira hiyo. Mkono wa kushoto nikashika chuma cha paa, wa kulia nikagusa kifuniko. Unajua mwenyewe umeme ulipita wapi.

Testa ilikuwa mfukoni mwa shati. Mfuko wa kifuani, pale pale ninapoiweka hadi leo. Miaka minne nilikufundisha kwamba ukiwa juu ya ngazi usimwamini mtu yeyote, amini testa. Waliponivua shati hospitali ikaanguka sakafuni, na muuguzi akaiokota akaiweka kwenye meza kando ya kitanda. Ulipoingia siku ile ilikuwa hapo, kati yangu na wewe. Niligeukia ukutani kwa sababu nilijua ukiiona utaelewa.

Kama ningesema nimepanda bila kupima, nani angenipa tena nyumba yake? Nikasema ni wewe. Nikasema ulitaka kuniua uichukue karakana. Nilipoona watu wameamini, na mimi polepole nikaamini. Macho yako yamekutetea sasa, lakini hata kama ungekuwa na macho ya tai na ukakosea kwa uzembe, fundi mwenye testa mfukoni hakupaswa kuanguka.

Sina hoja zaidi.

Kaka yako


Karakanani
3 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Wiki ya saba sasa huandiki. Nimejua kimya kina ladha gani kwa anayesubiri, na sijafika hata mwaka mmoja.

Naandika kukueleza jambo moja lililofanyika, usije ukalisikia kwa wengine likiwa limeongezwa chumvi.

Jumatatu nilikwenda duka la mikate. Mzee mwenye duka bado yupo, ila siku hizi anakaa tu kwenye kiti, duka anaendesha yule dada aliyekuwa kaunta wakati ule. Nikamwomba na fundi cherehani wa jirani aje, maana naye alikuwepo siku ile na ndiye aliyeisambaza habari kuliko wote. Wateja wengine walikuwa wanaingia na kutoka, sikuwazuia. Nikawaambia kama nilivyokuandikia wewe. Nikawaambia na habari ya macho yako. 

 Mzee akauliza yule kijana yuko wapi siku hizi. Nikamwambia ni mtunza maabara, mtu wa heshima zake, ana binti kidato cha pili. Yule dada wa kaunta akasema yeye tangu mwanzo hakuamini, lakini hakuna aliyemuuliza. Fundi cherehani ndiye aliyekasirika. Anasema nimemfanya mwongo miaka kumi na tisa, sasa itabidi azunguke upya kwa kila mteja. Nikamwambia azunguke, nitamshukuru.

Kuna mwenye nyumba mmoja alikuwa amenipa kazi ya vyumba sita. Alisikia, akanitoa. Alisema anaogopa fundi asiyepima. Sikumbishia.

Mama nimemweleza kabla sijawaeleza wao. Hakunigombeza. Aliniambia nitoke nje kidogo, nikatoka, nikakaa kibarazani. Aliponiita ndani macho yalikuwa mekundu, akanipa chai, na mpaka leo jambo hilo hatujalirudia.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimeandika ujue kwamba limesemwa, mahali palepale, na waliokuwepo ni hao.

Kaka yako


Karakanani kwako, juu ya meza yako
21 Oktoba, saa nne asubuhi

Kaka,

Shikamoo. Fundi cherehani, uliyemwachia ufunguo, ndiye aliyenifungulia. Anasema umekwenda kufunga nyaya kwenye jengo la zahanati na hurudi mpaka saa nane. Amenisimulia habari yangu yote upya tangu mwanzo, nami nikamwacha amalize. Alionekana anaihitaji.

Nimechukua karatasi hii kwenye daftari lako la kazi, usinigombeze.

Sikukujibu kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa mbaya, na nyingine nilizimaliza kabisa nikazichana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa la macho yangu. Kwamba ulikuwa unajua, na ukaniacha niondoke na jina lile, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Niliacha kazi niliyoipenda. Nilimuoa shemeji yako bila ndugu hata mmoja wa kusimama nami. Hasira bado ninayo, sikufichi, nimekuja nayo. Lakini barua ya tatu nilipoichana, mke wangu aliniuliza kama napanga kumgombeza kaka yangu kwa posta mpaka nizeeke. Nikaenda kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule.

Binti yangu nimekuja naye. Njiani nimemweleza kwamba X yangu anayo, lazima, kwa kuwa baba hana nyingine ya kumpa binti. Siku akipata mtoto wa kiume, ampime rangi mapema, kabla hajaja mtu kumwita mzembe. Akaniuliza kama baba mkubwa naye anayo. Nikamwambia hana, yeye anaona kila rangi. Akauliza basi mligombania nini. Nikamwambia atakuuliza mwenyewe.

Tutakaa siku nne. Kuna mengi nataka kukuambia uso kwa uso, mengine si mazuri, na ningependa uyasikilize yote bila kujitetea. Baada ya hapo na wewe utasema yako.

Tuko kwa Mama. Usile huko kazini. Amesema hapakui mpaka ufike.

Mdogo wako